Hospitali binafsi au ya serikali: ukilipa unapata nini hasa

Ukilipia matibabu hospitali binafsi, kitu cha kwanza unachopata ni muda. Unapewa miadi ya wiki hii badala ya miezi ijayo, daktari unamchagua kwa jina, chumba ni cha peke yako, na majibu ya vipimo mara nyingi hutoka siku hiyo hiyo. Hayo ni manufaa ya kweli. Mtu anayepapasa ukuta kwa sababu ya mtoto wa jicho, au asiyelala kwa maumivu ya nyonga, hupoteza sehemu ya maisha yake kila mwezi anaokaa kwenye foleni.

Kosa huanza pale mgonjwa anapoamini kwamba pamoja na muda amepata pia daktari bora na usalama zaidi. Mara nyingi daktari ni yule yule, asubuhi yuko hospitali ya serikali na jioni yuko kliniki ya kulipia. Usalama nao unategemea vitu usivyoviona mapokezini: damu iliyomo kwenye jokofu, daktari wa usingizi aliye zamu saa nane usiku, na idadi ya wagonjwa wa aina yako wanaopita mikononi mwa timu hiyo kwa mwaka. Kwa hiyo hapa sitoi alama za jumla kwa upande wowote. Napima kila huduma kwa ugonjwa wenyewe: unachukua siku moja au miaka, ukiharibika unaharibika kwa kasi gani, na wakati huo nani atakuwa karibu.

Pale ambapo kulipa kuna maana

Upasuaji wa mtoto wa jicho ndio unaofaa zaidi kulipiwa. Huchukua kama dakika 15 hadi 30, hufanywa kwa ganzi ya jicho tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Matatizo makubwa ni nadra, na kituo hakihitaji wodi ya mahututi. Unachokwepa ni foleni, na hatari haiongezeki, mradi daktari awe mzoefu.

Angalizo langu ni kuhusu lenzi, maana hapo ndipo bili hupandishwa. Lenzi ya kawaida, ambayo hospitali nyingi za umma huweka, ina umbali mmoja: utaona mbali vizuri na utavaa miwani ya kusomea. Kliniki binafsi huenda ikakushawishi uchukue lenzi ya umbali mwingi, ghali zaidi, ili uachane na miwani. Lenzi hiyo hugawa mwanga, na ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa huona duara za mwanga kuzunguka taa usiku na hushindwa kutofautisha vizuri vitu vyenye rangi zilizofifia. Anayeendesha gari usiku, au mwenye glakoma (presha ya jicho) au ugonjwa wa retina, yaani pazia la nyuma ya jicho, kwa kawaida atafaidika zaidi na lenzi ya kawaida. Lenzi ya kusahihisha astigmatizimu, yaani kioo cha mbele cha jicho (konea) kisicho na mviringo sawa, ni suala jingine. Ina faida ikiwa kipimo cha konea kinaonyesha kuanzia takriban dayopta 1 hadi 1.5. Omba uonyeshwe namba hiyo kabla ya kukubali gharama.

Kipimo cha kamera ya utumbo mpana nacho ni huduma unayoweza kuilipia kwa amani, lakini ubora wake hutofautiana sana kati ya kituo na kituo, na samani nzuri hazikuambii chochote. Uliza mambo matatu. Je, daktari hufika mwanzo kabisa wa utumbo mpana kwa wagonjwa wasiopungua 90 kati ya 100? Je, wakati wa kurudisha kamera hutumia wastani usiopungua dakika 6 kwa mgonjwa asiyeonekana na tatizo? Na je, kwa wanaochunguzwa bila dalili kuanzia miaka 50, huona vinyama vinavyoweza kugeuka saratani kwa angalau mmoja kati ya wanne? Kituo kinachojipima kitajibu papo hapo. Kisichojipima kitakwambia daktari wao ana uzoefu mkubwa. Angalia pia maelekezo ya dawa ya kusafisha tumbo. Utaratibu mzuri ni nusu ya dawa jioni iliyotangulia na nusu nyingine saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo. Dawa yote ikinywewa jioni na kipimo kikafanywa mchana wa kesho yake, upande wa kulia wa utumbo hufunikwa na ute, vinyama bapa havionekani, na unaondoka na jibu la "hakuna kitu" ambalo huwezi kuliamini.

Ngiri inayorudi ndani ukilala ni upasuaji mdogo unaoweza kulipiwa, na kwa kawaida unaweza pia kusubiri. Lakini ikigeuka ngumu, ikauma, ikakataa kurudi na mgonjwa akaanza kutapika, utumbo umebanwa na damu haifiki. Nenda hospitali yoyote yenye upasuaji wa saa 24, usianze kupiga simu za kulinganisha bei.

Kubadilisha nyonga au goti kuko katikati. Kituo binafsi kinachofanya mamia kwa mwaka kinaweza kuwa bora kuliko hospitali kubwa inayofanya machache, na kinyume chake ni kweli. Uliza daktari atakayekupasua amefanya upasuaji huu mara ngapi mwaka uliopita, kisha uliza swali la pili ambalo wengi hulisahau: moyo ukisumbua siku ya pili baada ya upasuaji, mgonjwa hupelekwa wapi, na kwa muda gani? Mgonjwa mwenye umri mkubwa, kisukari na presha, au aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, afanyiwe mahali ambapo wodi ya mahututi iko chini ya paa lile lile. Uliza pia nani atakupa dawa ya kuzuia damu kuganda miguuni. Kwa nyonga kinga hiyo kwa kawaida huendelea hadi wiki 4 au 5, na dozi za nyumbani mara nyingi hazimo kwenye bei uliyotajiwa.

Pale ambapo hospitali kubwa ya umma hushinda

Kiharusi, mshtuko wa moyo, ajali kubwa. Kwa kiharusi cha damu iliyoganda, dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na haiwezi kutolewa kabla kipimo cha CT (picha za ndani ya mwili kwa mionzi) hakijathibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Kwa mshtuko wa moyo wa mshipa ulioziba kabisa, kufungua mshipa kwa mrija hupendekezwa ikiwa kunaweza kufanyika ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe. Ikishindikana, dawa ya kuyeyusha hutolewa bila kungoja. Familia inayompeleka mgonjwa kwanza kwenye zahanati binafsi ya karibu kwa sababu hakuna foleni, kisha ikangoja gari la rufaa, imetumia dakika zile ambazo matibabu yalizihitaji. Jua leo, kabla ya shida, hospitali gani katika eneo lako ina CT na daktari wa kuisoma usiku.

Uzazi unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndipo watu hulipa sana na ndipo hukosea sana. Chumba cha kujifungulia cha hospitali binafsi huwa kitulivu, mume au ndugu huruhusiwa kukaa, mkunga ana muda wa kukusikiliza. Mambo hayo yana thamani kwa mama, na wodi za umma zenye msongamano zinapaswa kujifunza kutoka hapo. Lakini hatari kubwa ya uzazi huja ghafla, kwa mama aliyekuwa mzima dakika kumi zilizopita. Kupoteza zaidi ya mililita 500 za damu baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida huhesabiwa kuwa ni kutoka damu kupita kiasi. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10, hutolewa kwa kila mama mara mtoto anapozaliwa. Damu ikiendelea, asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, gramu 1, husaidia ikitolewa mapema, na lazima iwe ndani ya saa 3. Baada ya hapo kinachookoa ni damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji. Kwa hiyo swali la kuuliza kwenye ziara ya kukagua wodi ni hili: chupa ngapi za damu ziko ndani ya jengo hili sasa, na za kundi gani? Ukijibiwa kwamba damu huagizwa inapohitajika, uliza inafika baada ya dakika ngapi usiku.

Swali la pili ni la mtoto. Anayezaliwa kabla ya wiki 32, au chini ya gramu 1,500, anahitaji wodi ya watoto wachanga yenye mashine za kusaidia kupumua na wauguzi waliozoea. Kama ujauzito wako una dalili za uchungu wa mapema, presha au mapacha, hospitali kubwa ya rufaa ndiyo mahali pako hata kama vitanda vimebanana. Kumhamisha mtoto akiwa bado tumboni ni salama kuliko kumhamisha akiwa kwenye gari na mtungi wa oksijeni.

La tatu ni upasuaji wa kujifungua. Katika nchi nyingi viwango vyake ni vya juu zaidi hospitali binafsi, na sababu si za kitabibu peke yake: upasuaji hupangika kwenye ratiba na hulipwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba kwa kiwango cha jamii nzima, upasuaji kupita asilimia 10 ya uzazi wote hakuhusiani na kupungua kwa vifo vya mama na mtoto. Hilo halimwambii mama mmoja afanye nini, lakini linampa haki ya kuomba sababu iandikwe kwenye faili kwa maneno kamili. "Mtoto mkubwa" bila kipimo wala uzito uliokadiriwa si sababu iliyokamilika.

Magonjwa ya muda mrefu ndiyo yanayofilisi, kwa kuwa bei ya siku moja huonekana inawezekana. Kusafisha damu kwa mashine baada ya figo kufa ni mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara: vipindi 156 kwa mwaka, kila mwaka, hadi upandikizaji. Zidisha bei ya kipindi kimoja kwa 156 kabla ya kuanza. Anayeanza mahali asipoweza kuendelea huishia kupunguza hadi mara 2 au 1, maji hujaa mwilini na potasiamu hupanda hadi kusimamisha moyo. Tibakemia, yaani dawa za kuua saratani, ni hivyo hivyo: ukipangiwa mizunguko 6 kila baada ya siku 21, omba bei ya yote sita, pamoja na vipimo vya damu kabla ya kila mzunguko na dawa za kuzuia kutapika. Matibabu yaliyokatwa katikati huupa uvimbe nafasi ya kurudi.

Mgonjwa wa kifua kikuu mpeleke kwenye mpango wa umma moja kwa moja. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Mpango wa umma hufuatilia asiyekuja kuchukua dawa na huwapima watu wa nyumbani kwake. Kliniki binafsi ikimwandikia mtu dawa za mwezi mmoja na asirudi, hakuna anayemtafuta, na vijidudu sugu huanzia hapo.

Bei uliyotajiwa na bili utakayoikuta

Hospitali binafsi nyingi hutoa bei ya jumla ya upasuaji. Usikubali ya mdomo. Iombe kwa maandishi, kisha tafuta kilichoachwa: malipo ya daktari wa usingizi, kifaa kinachowekwa mwilini, uchunguzi wa maabara wa nyama iliyokatwa mwilini, damu, siku za ziada kitandani, wodi ya mahututi, dawa za kwenda nazo nyumbani, mazoezi ya viungo, na kurudishwa chumba cha upasuaji endapo kidonda kitavuja au kupata maambukizi. Hilo la mwisho ndilo zito. Kituo kinachojiamini hueleza kwamba tatizo la upasuaji wao ndani ya siku 30 hulishughulikia bila malipo mapya, au angalau hutaja bei yake. Kikikaa kimya, jua gharama ya tatizo ni yako.

Nyama iliyokatwa ina habari yake. Inapaswa kuwekwa mara moja kwenye formalini (dawa ya kuzuia nyama kuoza) ya asilimia 10, kwa kiasi kinachozidi nyama yenyewe mara 10 hivi. Ikikaa kwenye maji ya chumvi ikisubiri gari la maabara, huoza na jibu halitoki, au hutoka la kubahatisha. Kliniki ndogo hupeleka sampuli maabara za nje. Uliza ipi, na siku ngapi. Hospitali ya umma kwa upande wake hupoteza muda hapa: sampuli zinaweza kukaa wiki kadhaa kwa uhaba wa wanapatholojia, madaktari wanaosoma nyama hizo. Kulipia uchunguzi huu peke yake, huku matibabu mengine yakibaki hospitali ya umma, ni mojawapo ya matumizi bora ya fedha kidogo ninayoyajua.

Kuhusu bima, soma sehemu tatu tu kwa makini: kipindi cha kungoja kabla haijaanza kulipa, magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, na kikomo cha mwaka. Idhini ya upasuaji iombwe mapema kwa jina kamili la upasuaji. Daktari akibadilisha aina ya upasuaji asubuhi ile, kampuni inaweza kukataa, hivyo idhini nayo ibadilishwe.

Vipimo vingi mno

Mahali panapolipwa kwa kila kipimo, vipimo huongezeka. CT ya tumbo hutoa mionzi ya takriban milisiveti 8 hadi 10, sawa na picha mia moja hivi za eksirei ya kifua. Ultrasaundi na MRI (picha za kutumia sumaku) hazina mionzi hiyo. Kwa maumivu ya mgongo yasiyo na dalili za hatari, yaani hakuna homa, kupungua uzito, miguu kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo, ajali wala historia ya saratani, MRI ya wiki ya kwanza haibadilishi matibabu. Itaonyesha diski zilizochakaa, ambazo watu wengi wasio na maumivu yoyote wanazo, na mgonjwa huanza kujihesabu mlemavu. Muulize daktari: jibu likiwa hivi utafanya nini, na likiwa vile utafanya nini? Kama ni jambo lile lile, kipimo kinaweza kusubiri.

Kuitumia foleni ya umma vizuri

Hospitali ya umma ina kasoro zake, na wanaoitetea bila masharti hawawasaidii wagonjwa. Faili hupotea, dawa huisha, daktari ana dakika chache. Upasuaji huahirishwa hasa kwa sababu dharura zimechukua chumba, kitanda cha mahututi hakipo, au vipimo vya damu na moyo vimepitwa na muda. La mwisho unaweza kulizuia: wiki moja kabla ya tarehe, piga simu uulize vipimo gani vinahitajika na viwe vya lini. Barua ya rufaa iwe na kasi ya dalili, maana "maumivu ya tumbo" hukaa chini ya rundo, ila "amepungua kilo 8 kwa miezi 3, wingi wa damu (hemoglobini) 8" haikai. Omba uandikwe kwenye orodha ya watakaoitwa mtu mwingine akikosa kufika, na uwe tayari kweli. Hali ikibadilika, omba barua mpya. Foleni haijui kwamba umezidiwa hadi uiambie.

Njia ya kuchanganya ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi: lipia ushauri wa bingwa na kipimo kimoja cha kuthibitisha ugonjwa, kisha rudi kwenye mfumo wa umma kwa matibabu makubwa. Uliza kwanza kama hospitali ya umma itakubali majibu hayo, kwa kuwa nyingine hurudia kila kitu. Picha ziwe kwenye diski au kiungo cha kupakua zikiwa na ubora wake kamili. Karatasi ya maelezo peke yake haimtoshi daktari wa upasuaji, na picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini haina kazi.

Uhamisho wa katikati ya matibabu unahitaji uangalifu zaidi. Barua iwe na kila dawa, kiasi, na saa ya dozi ya mwisho, hasa dawa za kuzuia damu kuganda na antibayotiki. Kwa mgonjwa wa saratani iandikwe jumla ya dozi alizokwisha kupata. Doksorubisini, mojawapo ya dawa za saratani, huharibu moyo kadiri jumla yake ya maisha inavyoongezeka, na hatari hupanda wazi kuanzia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Daktari mpya asiyejua hesabu ya zamani hawezi kuendelea kwa usalama. Kama mgonjwa yuko kwenye oksijeni, piga hesabu ya mtungi: lita 680 kwa mtiririko wa lita 10 kwa dakika huisha baada ya dakika 68. Safari ya saa moja yenye msongamano wa magari inahitaji mitungi miwili.

Kabla ya kuruhusiwa, upande wowote ule, chukua muhtasari wa matibabu uliosainiwa, ripoti ya upasuaji, na jibu la maabara au tarehe litakapotoka. Lenzi ya jicho, nyonga, goti na betri ya moyo huja na vibandiko vyenye namba ya kifaa. Kimoja hubandikwa kwenye faili na kingine ni cha mgonjwa. Kidai, kipige picha, na kitunze, kwa sababu kiwanda kikija kuondoa toleo lenye hitilafu miaka kadhaa baadaye, ni kwa namba hiyo utajua kama kifaa kilichomo mwilini mwako ni kimojawapo.